Nzi anayejifanya nyuki: kumtambua nzi wa maua na kuandika maelezo ya spishi yake, kuanzia Kisumu hadi Kakamega

Mama mmoja mwenye shamba la sukuma wiki karibu na Dunga, Kisumu, aliniona nimefumba ngumi, na ndani ya ngumi mdudu mwenye mistari ya njano ananguruma. "Nyathina (mwanangu), utaumwa!" akaniambia huku ameacha jembe. Nikafungua vidole polepole. Mdudu akatulia kwenye kidole cha shahada, akapangusa miguu yake ya mbele kama mtu anayenawa, kisha akaruka na kusimama hewani kimo cha vifua vyetu, hasogei mbele wala nyuma.

"Si nyuki, mama. Huyu ni nzi."

"Nzi gani avae hivi?"

Ni swali zuri kuliko alivyodhani. Nzi gani? Kumjibu sawasawa kunahitaji kazi ya siku kadhaa mezani, na mwongozo huu unaeleza kazi hiyo inavyofanywa, kutoka shambani hadi maelezo ya spishi yaliyoandikwa ipasavyo. Mimi humwita nzi wa maua. Wanasayansi huita familia yake Syrphidae, na duniani zimeshapewa majina spishi zaidi ya 6,000. Mavazi ya nyuki na nyigu ni ya kutishia ndege tu. Mwiba hana.

Nitasema mapema jambo ambalo nitalirudia: rangi inadanganya. Wengi wanaoanza kazi hii hutazama mistari ya tumbo, wakailinganisha na picha ya simu, wakatoa jina. Mara nyingi jina hilo si lake.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni nzi wa maua

Hesabu mabawa. Nyuki na nyigu wana manne, ingawa bawa la nyuma hujificha chini ya lile la mbele. Nzi ana mawili, na mahali pa jozi ya pili pana vijiti viwili vyenye vichwa mviringo, kama njiti za kiberiti, ambavyo humsaidia kujisawazisha anaporuka. Tazama vipapasio pia. Vya nyuki ni virefu na vina pingili nyingi. Vya nzi wa maua kwa kawaida ni vifupi, vina pingili tatu, na kwenye ile ya mwisho pameota unywele mmoja.

Lakini nzi wanaofanana na nyuki ni wengi. Wapo nzi manyoya wenye mrija mrefu mdomoni, ambao nao husimama hewani. Wapo nzi wadogo wenye kichwa ambacho karibu chote ni macho. Kinachokata shauri ni bawa. Weka karatasi nyeusi nyuma ya bawa, mwanga uje kutoka ubavuni, utazame kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Katikati ya bawa, kwa urefu wake, utaona mshipa uliofifia ambao hautoki kwenye mshipa mwingine wala hauishii kwenye mwingine. Unaelea tu, kama mkunjo wa pasi kwenye shati. Huo ni mshipa wa uongo. Kwa spishi chache ni hafifu mno, kwa hiyo tafuta na alama ya pili: karibu na ukingo wa nje, mishipa hupinda ikaenda sambamba na ukingo badala ya kuugonga, hata bawa likaonekana lina pindo mbili.

Hatua ya 2: Mtafute alipo

Huhitaji kwenda mbali. Dania iliyoachwa ikatoa maua, kichoma mguu kando ya njia, karoti zilizosahaulika shambani: hapo ndipo anapokula chavua na nekta. Saa nzuri ni asubuhi, umande ukishakauka na jua likiwa bado halijawa kali. Kisumu saa saba mchana utapata jasho zaidi kuliko nzi.

Mabuu yake yanafaa kutafutwa vilevile. Geuza jani la sukuma lililojaa vidukari. Ukiona kitu kijani, bapa, kisicho na miguu wala kichwa kinachoonekana, kinajikokota katikati yao kama konokono asiye na nyumba, huyo ni mtoto wa nzi wa maua na yuko mezani anakula. Wakulima wengi humnyunyizia dawa wakidhani ndiye adui. Mtie kwenye chupa ya jamu pamoja na jani na vidukari vyake, funika kwa kitambaa cha chandarua, ongeza vidukari kila siku. Atajigandisha na kugeuka bundo lenye umbo la tone la maji, na baada ya wiki moja hivi atatoka nzi. Au atatoka nyigu mdogo mweusi, maana wapo nyigu wanaotaga ndani ya mabuu haya. Usimtupe nyigu huyo. Mwandikie lebo, kuna mtu atamhitaji.

Kundi jingine hukulia maji machafu: mtaro wa soko, shimo la samadi, kingo za matope chini ya mafunjo pale Dunga. Mabuu yake yana mkia mrefu ambao kwa hakika ni bomba la kupumulia, na unarefuka mara kadhaa ya mwili kufuata kina cha maji. Ukishamwona hutamsahau, na hutatamani chakula kwa saa nzima.

Msitu wa Kakamega ni shule nyingine. Huko, kwenye uwazi ambapo miali ya jua hupenya matawi, madume husimama hewani kila mmoja kwenye nafasi yake. Ukimkosa kwa neti, usimkimbize. Simama palepale, neti tayari, naye atarudi mahali pake dakika hiyohiyo.

Kupiga picha kwenye shamba lako hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kukusanya wadudu kwa utafiti ni jambo tofauti. Omba leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kibali cha wanaosimamia eneo: upande wa Buyangu wa msitu wa Kakamega uko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, upande wa Isecheno uko chini ya KFS, shirika la misitu. Lianze jambo hili miezi kadhaa kabla, na ukitarajia kupeleka sampuli nje ya nchi, uliza kuhusu vibali vya kusafirisha siku hiyohiyo ya kwanza.

Neti usinunue kwa bei ya duka la maabara. Fundi wa jua kali atakukunjia waya mnene uwe duara la sentimita 35 au 40 na kuuchomelea kwenye bomba jepesi, na fundi cherehani atashona mfuko wa chandarua wenye kina mara mbili ya duara hilo, ili ukigeuza mkono mfuko ujikunje na kufunga mdomo.

Hatua ya 3: Picha kwanza, kisha chupa

Kabla hajafa, mpige picha nne: juu, ubavu, uso, na bawa lililofunguka. Macho ya nzi wengi hubadilika rangi akishakauka, na njano angavu ya tumbo inaweza kugeuka kahawia.

Njia rahisi ya kumuua ni chupa kavu ndani ya sehemu ya kugandisha ya friji, usiku mzima. Weka karatasi ya shashi ndani ili inyonye unyevu, la sivyo mabawa yatagandamana. Pombe usitumie kwa yule utakayemtazama rangi na nywele. Mng'oe mguu mmoja, wa kulia wa kati kwa mfano, uutie kwenye kichupa cha ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, na kichupa kiwe na namba ileile ya nzi. Mguu huo ni akiba ya DNA. Maabara husoma kipande cha jeni liitwalo COI, chenye herufi 658, na kukilinganisha na vya spishi zinazojulikana.

Hatua ya 4: Pini na lebo

Pini ipite kwenye kifua, kulia kidogo mwa mstari wa kati. Kwa nini kulia? Kwa sababu pini huharibu chochote inachopita, na nywele za mgongoni unazihitaji angalau upande mmoja. Sote tukichoma kulia, upande wa kushoto unabaki salama kwa kila nzi katika kila makavazi. Mabawa yavute yasifunike tumbo. Miguu ishushe isijikunje chini ya mwili. Uso uonekane. Ukimwacha akauke vibaya, kesho atavunjika ukijaribu kumnyoosha.

Sasa lebo. Hapa sitakuwa mfupi, kwa sababu nimeona masanduku mazima ya wadudu wazuri yasiyofaa kitu kwa kukosa karatasi ya ukubwa wa ukucha. Nzi asiye na jina lakini mwenye lebo kamili anaweza kupewa jina miaka 50 baadaye. Nzi mwenye jina lakini asiye na lebo ni pambo. Iandike hivi, kwa wino usiofutika na maji:

KENYA: Kaunti ya Kisumu, Dunga, ukingo wa mafunjo
0.145°S 34.736°E, mita 1140
14.v.2023, neti, kwenye maua ya dania
(jina la mkusanyaji)

Mwezi huandikwa kwa namba za Kirumi ili mtu wa Marekani asisome 5/6 kuwa tarehe 6 Mei na wewe ulimaanisha tarehe 5 Juni. Nchi iandikwe, hata kama unadhani kila mtu anajua Dunga iko wapi. Mwinuko uandikwe, kwa sababu kutoka Kisumu hadi Nakuru unapanda zaidi ya mita 700, na nzi anayajua hayo kuliko dereva wa matatu.

Tena, jilinde na siafu na sisimizi. Msimu mmoja wa mvua ndefu niliacha nzi 23 kwenye meza wakauke. Asubuhi nikakuta pini 23 zimesimama wima, safi kabisa, kila moja na lebo yake chini. Tangu hapo miguu ya meza yangu huogelea kwenye mikebe ya mafuta taa, na sandukuni natia dawa ya nondo.

Hatua ya 5: Dume au jike, kisha kundi

Swali la kwanza mezani si spishi, ni jinsia. Tazama macho kutoka mbele. Kwa nzi wa maua wengi, macho ya dume hugusana juu ya kichwa na ya jike huachana kwa ukanda unaoonekana wazi. Zipo jenasi, yaani makundi ya spishi za karibu, ambazo hata macho ya dume yameachana, kwa hiyo thibitisha kwa ncha ya tumbo: ya dume imejikunja chini na imevimba, haina ulinganifu wa pande mbili, ya jike imechongoka.

Nakusisitizia kwa sababu nimewahi kuaibika. Nilipata nzi mdogo mwembamba upande wa milima ya Nandi, mwenye madoa ya pembetatu tumboni, tofauti kabisa na yule niliyekuwa naye mwenye madoa ya mstatili. Nikaandika kurasa 11 za maelezo ya "spishi mpya". Mtu mmoja mwenye uzoefu alizisoma, akanirudishia na mstari mmoja: "Umeelezea mke wa yule wa sanduku lako." Alikuwa jike wa jenasi Melanostoma, ambayo madume yake huwa na madoa ya mstatili na majike madoa ya pembetatu.

Baada ya jinsia, tazama begani, yaani kile kinundu kilicho pembe ya mbele ya kifua, nyuma tu ya kichwa. Kikiwa hakina nywele, na kichwa kimebonyea nyuma hata kikakifunika kwa kiasi, uko kwenye kundi la Syrphinae, ambalo mabuu yake mengi hula vidukari. Kikiwa na nywele, yaelekea uko kwenye Eristalinae, kundi la wale wa maji machafu na ndugu zao. Wapo pia Microdontinae, ambao mabuu yao huishi ndani ya viota vya sisimizi. Hao utawakuta kwa nadra.

Jenasi utakazokutana nazo mapema huku kwetu ni hizi.

Paragus: mdogo, milimita 4 hadi 6, na machoni ana mistari ya nywele nyeupe inayoshuka. Ukimtazama bila lenzi utamwita usubi.

Ischiodon: mweusi na njano, ukingo wa kifua una mstari wa njano uliokatwa kama kwa rula. Dume ana mwiba kwenye kipingili kinachounganisha paja la nyuma na mwili. Mwiba huo ni zawadi: ukiuona, jenasi umeipata.

Betasyrphus: mistari myembamba tumboni, na macho yenye nywele. Nywele za machoni watu huzikosa kwa sababu hutazama kutoka juu. Geuza kichwa uone ukingo wa jicho dhidi ya mwanga, zitasimama kama manyoya ya tunda la pichi ambalo halijapanguswa.

Asarkina: tumbo pana, bapa, la rangi ya chungwa lenye mistari myeusi.

Syritta na Eumerus: paja la nyuma nene kupita kiasi, kama la panzi.

Eristalinus: macho yenye madoadoa au mistari. Eristalinus taeniops ana mistari iliyosimama machoni, na ukimpiga picha ya uso watu watadhani umeichora. Kwa jenasi hii na jirani zake, tazama tena bawa. Mshipa mmoja mrefu unabonyea katikati kama kamba iliyolegea, na kachumba kadogo kalicho karibu na ukingo wa juu kamefungwa kabla ya kuufikia. Kwa Mesembrius, jirani yake wa majini, kachumba hako kako wazi.

Phytomia: mkubwa, mwenye nguvu. Akigonga neti unasikia.

Hatua ya 6: Fuata ufunguo, usifuate picha

Ufunguo ni orodha ya maswali mawilimawili: macho yana nywele, nenda namba 7, hayana, nenda namba 12. Ufunguo wa jenasi za nzi wa maua wa Afrika kusini ya Sahara ulichapishwa mwaka 2021, ndani ya kitabu kikubwa cha nzi wa eneo hili kilichotolewa Pretoria, na hupakuliwa bure. Ufunguo wa spishi hutofautiana. Jenasi nyingine zimeshughulikiwa upya miaka ya karibuni, nyingine bado zinategemea maandishi ya zamani ya Kijerumani au Kifaransa.

Ukifika kwenye jina, lisome vizuri. Ischiodon aegyptius (Wiedemann, 1830): mabano yanakuambia kwamba Wiedemann alipomwelezea mwaka huo alimweka kwenye jenasi nyingine, akahamishwa baadaye. Paragus borbonicus Macquart, 1842 hana mabano, kwa sababu bado yupo kwenye jenasi aliyowekwa siku ya kwanza. Mabano hayo si mapambo, usiyaongeze wala usiyafute kwa hiari yako.

Kisha linganisha na sampuli halisi. Makavazi ya Kitaifa Nairobi yana mkusanyiko wa wadudu, ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kule Kasarani, kuna wataalamu wa uainishaji, na hazina kubwa ya nzi wa maua wa Afrika iko kwenye makavazi ya Tervuren, Ubelgiji. Picha za iNaturalist, tovuti ambako watu huweka picha za viumbe, zinasaidia kukuonyesha pa kuanzia, nami huzitumia. Lakini picha haina ncha ya tumbo iliyofunguliwa, na kwa jenasi nyingi hapo ndipo spishi hutengana.

Kufungua ncha hiyo ni hivi. Lainisha nzi kwa kumweka kwenye chombo chenye unyevu usiku kucha. Kwa sindano iliyopinda, toa sehemu ya mwisho ya tumbo la dume. Iloweke kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi kesho yake, na uvae glavu, maana dawa hiyo hula ngozi. Nyama itayeyuka ibaki mifupa ya nje. Isafishe kwa maji yenye tone la siki kali, iweke kwenye gliserini, itazame kwa hadubini, uichore kutoka ubavuni na kutoka juu. Mwishowe ihifadhi kwenye kichupa kidogo cha gliserini kilichochomwa kwenye pini ileile ya nzi. Isipotezane na mwenyewe.

Hatua ya 7: Andika maelezo

Chagua nzi mmoja. Mmoja tu. Kosa la kawaida ni kuwaelezea kumi kwa pamoja ukapata mnyama asiyekuwepo: kichwa cha huyu, tumbo la yule. Elezea mmoja kutoka kichwani hadi ncha ya tumbo, ndipo mwishoni useme wengine wanatofautiana naye vipi.

Mpangilio ni ule ule kwa kila mtu: kichwa, kifua, mabawa, miguu, tumbo, sehemu za uzazi. Pima urefu wa mwili kutoka mbele ya kichwa bila vipapasio hadi ncha ya tumbo. Pima bawa kutoka shina hadi ncha. Kama huna kipimio cha hadubini, karatasi ya grafu chini ya nzi inatosha kuanzia. Andika uwiano pia: upana wa ukanda kati ya macho ukigawanywa kwa upana wa kichwa, kwa mfano. Uwiano hauharibiwi na kamera wala na nzi aliyezaliwa mdogo kwa kukosa chakula.

Tofautisha nywele na unga. Nywele zina urefu na mwelekeo. Unga ni vumbi laini linalong'aa kijivu au dhahabu, na hubadilika ukigeuza taa. Ndiyo maana lazima useme umetazama kutoka wapi. Ukimshika nzi kifuani kwa vidole, unga utaupangusa, kisha utaandika "hana unga" kwa unyofu kabisa.

Huyu hapa ni dume mmoja wa Ischiodon aegyptius, kama nilivyomwandika daftarini:

"Dume. Mwili mm 9. Kichwa: macho hayana nywele, yanagusana juu. Uso njano. Vipapasio vya rangi ya chungwa, vyeusi kidogo juu. Kifua: juu cheusi chenye mng'ao wa shaba; ukingo wa kila upande una mstari wa njano wenye mipaka mikali. Kingao cha nyuma ya kifua njano, katikati kimefifia kuwa kahawia. Miguu: njano; paja la nyuma lina mkanda mweusi karibu na goti; kipingili cha juu ya paja la nyuma kina mwiba. Tumbo: jeusi; bamba la 2 lina madoa mawili ya njano, moja kila upande; bamba la 3 na la 4 kila moja lina alama mbili za njano zilizopinda kama mwezi mchanga."

Angalia kisichokuwepo: hakuna "mzuri", hakuna "wa kipekee", na neno "kubwa" halijasimama bila kipimo. Kila kipande mtu mwingine anaweza kukikagua kwa nzi wake. Maneno ya sehemu za mwili yakikushinda, eleza mahali, kama nilivyofanya kwa kipingili cha paja. Msomaji atafika.

Rangi sasa. Imethibitishwa kwa nzi wa maua kadhaa kwamba bundo likikaa mahali pa baridi, nzi hutoka na weusi mwingi zaidi. Kwa hiyo ukikuta nzi wa miteremko ya Menengai, juu ya Nakuru, ana tumbo jeusi kuliko mwenzake wa Kisumu, usikimbilie kusema ni spishi mbili. Andika rangi, ndiyo, lakini shauri ulikate kwa umbo: mwiba, mshipa, nywele za machoni, sehemu za uzazi. Ukiweza, kusanya kumi kutoka kila mahali uone kama weusi unapanda taratibu na mwinuko au unakatika ghafla. Weusi ukipanda taratibu, hiyo ni baridi.

Hatua ya 8: Kama kweli hana jina

Umepita ufunguo wote, umelinganisha na sampuli za makavazi, umetazama madume na majike, DNA haifanani na ya mtu. Basi pengine ni mpya. Msitu wa Kakamega na vinamasi vya ziwa bado vinaweza kumshangaza mtu, hasa kwa wale wadogo weusi ambao hakuna anayewapenda.

Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama, ambayo toleo lake la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000, inadai mambo machache lakini haina msamaha. Useme wazi kwamba jina ni jipya. Utoe maelezo yanayomtofautisha na ndugu zake. Uteue sampuli moja, holotipu, ambayo jina litafungwa kwayo daima, na useme imehifadhiwa kwenye mkusanyiko gani. Ukichapisha mtandaoni tu, kazi yako isajiliwe kwanza ZooBank, rejista rasmi ya majina ya wanyama. Jina lifuate sarufi ya Kilatini: la mahali huishia -ensis, la mwanamume -i, la mwanamke -ae. Kujipa jina lako mwenyewe kanuni haikukatazi waziwazi, ila utachekwa maisha yako yote.

Holotipu hupewa lebo nyekundu, chini ya lebo ya mahali, na kwa sampuli kutoka nchini mwetu naona pake ni Nairobi. Mpeleke mwenyewe. Choma pini mbili za ziada kulia na kushoto kwa tumbo lake ili asizunguke akajigonga, funga sanduku ndani ya sanduku jingine lenye sponji, na mkisafiri usikubali makanga alitie kwenye buti. Lipakate kutoka Kisumu, na mkifika matuta ya Kericho, linyanyue kidogo kutoka mapajani.